Akifunga bao, mnauliza ataolewa na nani

Kaa jukwaani katika mechi yoyote ya ligi ya wanawake hapa nchini, karibu na kundi la wanaume watatu au wanne, kisha uhesabu dakika. Kipindi cha kwanza hakitaisha kabla hujasikia. "Hebu mcheki namba sita, huyo ni mwanamume mzima bana!" "Huyo ataolewa na nani?" "Aolewe? Si yeye ndiye ataoa!" Kicheko. Mpira unaendelea, namba sita anakata pasi mbili, anampokonya mtu gozi, anamimina krosi ya maana, na hakuna hata mmoja kati yao anayesema neno juu ya krosi hiyo.

Leo safu hii haina jedwali wala uhamisho. Anayetaka Gor na Ingwe afungue ukurasa unaofuata, wamejaa tele. Nataka tuzungumze juu ya neno linalomfuata kila msichana anayejua mpira, yaani jikedume, na juu ya ndugu yake mkubwa ambaye hutamkwa kwa sauti ya chini, msagaji. Na nataka tumzungumzie yule mmoja au wawili kikosini ambao, ukiliondolea neno hilo la pili tusi lililomo ndani yake, linasema kweli juu yao. Anapenda wanawake. Yupo. Yupo katika timu nyingi, hapa na kote duniani, na yeyote aliyewahi kukaa kambini anajua hivyo, hata kama atakataa kukiri mbele ya kinasa sauti.

Nianze na Eudy Simelane, kwa sababu jina lake linastahili kujulikana na kila anayejiita shabiki wa kandanda barani Afrika.

Simelane alizaliwa mwaka 1977 katika kitongoji cha KwaThema, mashariki mwa Johannesburg. Alikuwa kiungo. Alichezea timu ya mtaani kwao, Springs Home Sweepers, akapanda hadi timu ya taifa ya Afrika Kusini, Banyana Banyana. Alipoanza kupunguza kucheza hakuuacha mpira: alifundisha timu za vijana na kusomea urefa, akiwa na ndoto ya kushika kipenga au kibendera katika Kombe la Dunia ambalo nchi yake ilikuwa inajiandaa kuliandaa mwaka 2010. Na hakuficha kwamba anapenda wanawake. KwaThema nzima ilijua. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza pale mtaani kuishi hivyo bila kujificha.

Aprili 2008, usiku, akirejea nyumbani, alivamiwa na kundi la wanaume. Walimbaka, wakamchoma visu mara 25, usoni, kifuani na miguuni. Mwili wake ulikutwa kando ya kijito, si mbali na kwao. Alikuwa na miaka 31. Wanaume wanne walifikishwa kortini. Mmoja alikiri akafungwa miaka 32, mwingine akapewa kifungo cha maisha, wawili wakaachiliwa. Katika kesi hiyo jaji alimuuliza mwendesha mashtaka kama hakuna neno jingine analoweza kutumia badala ya lile la Kiingereza linalomtaja mwanamke anayependa wanawake. Lilikuwa linamkera. Na mwisho akaona kwamba hilo la kupenda wanawake halikuwa na uzito wowote katika mauaji yake.

Sasa angalia nchi yenyewe. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Mwishoni mwa 2006 nchi hiyo ikawa ya kwanza Afrika kuruhusu watu wa jinsia moja kuoana. Kwenye karatasi Simelane alikuwa salama kuliko mwenzake yeyote barani. Lakini mtaani kulikuwa na sheria nyingine. Kule wana jina la ukatili huu, wanauita ubakaji wa "kurekebisha", kana kwamba mtu ni gari bovu. Zoliswa Nkonyana wa Khayelitsha, Cape Town, hakufika hata miaka 20. Alikuwa na miaka 19 pale kundi la vijana lilipomuua Februari 2006 kwa sababu hiyo hiyo, na kesi yake ikaburutwa kwa karibu miaka 6 kabla ya wauaji kufungwa. Miaka mitatu baada ya Simelane, KwaThema hiyo hiyo ikamzika Noxolo Nogwaza, mwanaharakati kijana.

Nasikia msomaji ananiambia, ah, hayo ni ya Afrika Kusini, wale wana uhalifu wao. Sawa, kiwango cha damu kule ni kingine. Lakini hakuna anayeamka asubuhi moja akaamua kuwa mtu fulani anahitaji "kurekebishwa". Amefundishwa. Amesikia miaka nenda miaka rudi kwamba msichana yule si msichana kamili, kwamba anajifanya mwanamume, kwamba anahitaji kupata wa kumnyoosha. Amesikia wapi? Mtaani, kwenye matatu, na ndiyo, pale jukwaani nyuma ya namba sita.

Kitu cha kwanza ambacho mashabiki wengi hawakioni ni kwamba tuhuma hii haisubiri ushahidi. Humwangukia msichana kabla yeye mwenyewe hajajua anampenda nani. Ana miaka 11, anacheza na wavulana, amenyoa nywele kwa sababu zinamsumbua akipiga vichwa, anatembea kama mtu mwenye haraka. Tayari ameshapewa jina. Na akiwa mkubwa, hata medali haimwokoi. Genoveva Añonma wa Guinea ya Ikweta alibeba Kombe la Afrika mwaka 2008 pale timu yake ilipoifunga Afrika Kusini 2-1 katika fainali. Miaka kadhaa baadaye alisimulia BBC kwamba baada ya minong'ono kuwa yeye ni mwanamume, aliamriwa avue nguo zote mbele ya maafisa. Hakupelekwa hospitali wala kupimwa damu. Alivuliwa tu, akasimama pale akilia. Mwaka 2012 akawa mchezaji bora wa kike Afrika.

Hata Ikulu imewahi kuingia. Agosti 2021, Rais wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, akiwapongeza vijana wa kiume walioshinda kombe la CECAFA la chini ya miaka 23, aligeukia wachezaji wa kike, akasema vifua vyao ni bapa, unaweza ukadhani ni wanaume, na kwamba kwa wengi wao ndoa ni ndoto tu. Kwa haki yake, alikuwa anajenga hoja kuhusu maisha magumu yanayowasubiri wakishastaafu, na hoja hiyo ni ya kweli. Wengi huacha mpira wakiwa hawana akiba wala bima. Ila nani alikumbuka habari ya bima kesho yake? Watu walikumbuka vifua. Na kila binti aliyekuwa anabembeleza baba amruhusu kwenda mazoezini, siku hiyo baba alipata jibu lililogongwa muhuri.

Kwa hiyo wachezaji wote wanaonja unyanyapaa huu. Tofauti inaanzia kwenye namna ya kujitetea. Msichana anayependa wanaume akiitwa msagaji ana jibu: anamleta mpenzi wake uwanjani, anaweka picha, anavaa gauni siku ya tuzo, mambo yanapoa kidogo. Jibu lake ni "mimi si mmoja wao." Ni haki yake, simlaumu. Lakini kila anaposema hivyo, na kila kocha anaposema "timu yangu haina wa namna hiyo", kuna mtu ameketi kwenye benchi hiyo hiyo, amevaa bibu ya mazoezi, anasikiliza. Yeye hana jibu la kutoa. Heshima ya timu nzima imenunuliwa, na aliyelipa ni yeye.

Nigeria walilifanya hili waziwazi. Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2011 kule Ujerumani, kocha wa Super Falcons, Eucharia Uche, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea timu hiyo, aliliambia gazeti la New York Times kwamba aliwakuta wachezaji wa namna hiyo kikosini na kwamba alipambana na jambo hilo kwa maombi. Afisa mmoja wa ufundi wa shirikisho lao alinukuliwa akisema kwamba aliwaondoa baadhi ya wachezaji, si kwa kuwa hawakujua mpira, bali kwa kuwa wanapenda wanawake. Rudia kuisoma sentensi hiyo kama shabiki wa kandanda, weka mengine yote kando. Mtu wa ufundi anasema hadharani kwamba amepunguza kikosi cha Kombe la Dunia kwa sababu isiyohusiana na mpira. Nigeria walifungwa 1-0 na Ufaransa, wakafungwa 1-0 na Ujerumani, wakarudi nyumbani baada ya makundi. Sisemi hao walioachwa wangebadilisha matokeo. Nasema tungekuwa tunazungumza juu ya straika aliyeachwa kwa sababu ya dini yake au kabila lake, redio zingewaka moto wiki nzima.

Nirudi nyumbani, kwa msichana wa miaka 15 au 16. Huo ndio umri wa Junior Starlets waliotupeleka Kombe la Dunia la U17 mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA. Simzungumzii yeyote kati yao. Naongea juu ya umri.

Katika umri huo wavulana na wasichana wengine wanajifunza kupenda kwa kelele. Wanaandikiana barua, wanataniwa, wanaumia, mashangazi wanawacheka, wanapona. Msichana ninayemwongelea anajifunza kimyakimya. Kitu cha kwanza anachojifunza juu ya moyo wake ni kwamba jina lake ni tusi. Alilijua tusi kabla ya kuujua moyo. Hivyo anakuwa mtaalamu wa mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua: ni nani anaweza kuaminiwa, acheke kiasi gani utani ukipita, amtaje mvulana gani wa kubuni shangazi akiuliza. Wenzake wakikumbatiana baada ya bao, yeye anahesabu sekunde ili asionekane amekumbatia muda mrefu. Fikiria kuishi hivyo. Fikiria kufunga bao na kitu cha pili kinachokujia akilini ni jinsi ulivyokumbatia.

Na bado uwanja ndio mahali pazuri kuliko pote alipo. Hili ndilo watu wa nje hawalielewi wanaposema mpira ndio "unawaharibu" mabinti. Nyumbani mwendo wake una kasoro, sauti yake ina kasoro, mabega yake yana kasoro. Kanisani au msikitini nguo zinambana. Ukiingia kwenye mstari mweupe, mwendo ule ule ni mwendo wa kiungo mkabaji, na mabega yale yale ndiyo yanayolinda mpira. Kwa dakika 90 hakuna anayemwambia abadilike. Mpira haukumfanya chochote. Ulimpokea tu.

Sasa tazama jinsi tunavyomfungia mlango huo. Kandanda ya wasichana nchini hukua shuleni, na hasa shule za bweni. Huko ndiko kuna kocha, kuna uwanja, kuna ufadhili wa karo, kuna michezo ya shule ambako maskauti huenda kutazama. Mwishoni mwa 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alisema wanafunzi wanaovutiwa na wa jinsia yao waondoke bwenini, wakasome shule za kutwa karibu na kwao. Wengi walilichukua kama suala la nidhamu. Mimi nililisikia kwa sikio la michezo. Kwa msichana anayesomeshwa na miguu yake, kutolewa bweni ni kutolewa timu, na kutolewa timu ni kukatiwa karo. Na si lazima iwe kweli. Mpinzani wa namba akinong'ona vizuri katika ofisi ya mwalimu mkuu, namba imepatikana.

Kuna jambo baya zaidi, na hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu kila ninaposikia timu imekwenda kambini. Siri ya mtu ni kamba, na anayeijua ameshika ncha moja. Kocha, meneja, dereva wa basi, yeyote mwenye mamlaka kidogo akijua kwamba msichana fulani ana mpenzi wa kike, ameshapata silaha. "Nitamwambia baba yako." Maneno matatu tu. Atadai nini baada ya hapo? Sehemu ya posho, ukimya kuhusu mambo aliyoyaona, au lile ambalo nyote mnalifikiria. Na msichana atamshtaki kwa nani, ikiwa kushtaki ni kujitangaza? Afrika Kusini, mwaka 2011, kocha wa Banyana Banyana alipoteza kazi baada ya wachezaji kumlalamikia kwa unyanyasaji na kwa kuwabagua wanaopenda wanawake. Ilihitaji wachezaji watu wazima, tena wa timu ya taifa, katika nchi ambayo katiba iko upande wao, ndipo jambo likasikika. Binti wa ligi ya kaunti atasikika na nani?

Ndiyo maana hoja inayotolewa kila mara, ile ya kulinda watoto, mimi naipokea kwa mikono miwili na kuigeuza. Mzazi anaogopa kwamba bintiye akienda kambini atakutana na mchezaji mkubwa atakayemharibu. Hofu hiyo siikejeli, mzazi ana haki ya kuogopa kambi, kambi zetu nyingi hazina mpangilio wowote. Mtu mzima kumfuata mtoto ni uhalifu, awe mwanamume au mwanamke, na dawa yake inajulikana: wakubwa na wadogo wasilale chumba kimoja, kocha asiingie vyumbani, kuwe na mwanamke mwenye dhamana ambaye si mke wala dada wa kocha. Kanuni hizo zinamlinda binti yako dhidi ya kila mtu. Kumsaka msagaji hakumlindi dhidi ya yeyote. Kunamsumbua msichana mmoja mwenye aibu, huku mwanamume mwenye funguo za vyumba akiendelea na shughuli zake, hakuna anayemshuku kwa sababu yeye ni "wa kawaida".

Kuhusu dini na utamaduni, sitajifanya mtaalamu. Najua msomaji wa ukurasa huu ana imani yake. Najua pia sheria ya nchi yetu inasemaje, na kwamba Mahakama Kuu iliombwa mwaka 2019 kufuta vifungu husika ikakataa. Mimi ni mtu wa michezo, siombi ukurasa huu uamue mambo ya mbinguni. Naomba kitu kidogo, kwamba mtu asipigwe, asibakwe, asinyang'anywe namba wala karo kwa sababu ya minong'ono. Sijakutana na dini inayokataa hilo. Kama ipo, ijitokeze.

Wanaume nao wana lao katika jambo hili. Ni unyanyapaa ule ule umegeuzwa kama fulana. Kwa mwanamke husemwa, kama anajua mpira basi lazima ana kasoro. Kwa mwanamume husemwa, kama anajua mpira basi hawezi kuwa hivyo. Justin Fashanu, mtoto wa baba Mnigeria, mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kuuzwa kwa pauni milioni moja, alijitangaza mwaka 1990. Ndugu yake wa damu, mchezaji pia, alimkana hadharani. Mwaka 1998 Fashanu alijiua. Ilichukua hadi 2022 kwa mwanamume mwingine anayecheza soka ya kulipwa Uingereza, kijana wa Blackpool mwenye miaka 17, Jake Daniels, kusema wazi. Katika ligi yetu ya wanaume hakuna anayemuuliza beki ana mke au la. Anaulizwa mbona alimwachia mtu nafasi. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Na sisi wa kalamu? Fungua kurasa za michezo, hizi hizi. Timu ya wanaume ni "vijana", "wanajeshi", "simba". Timu ya wanawake ni "vipusa", ni "warembo", ni "malkia". Watu hudhani ni sifa. Lakini kipusa ni mwanamke wa kutazamwa, na anayetazamwa kwa uzuri wake hupimwa kwa uzuri wake. Beki mwenye kovu la nyusi na mguu kama wa mkimbiaji wa nyika hana pa kuingia katika neno hilo. Msichana anayejijua kwamba hatakuwa kipusa wa yeyote huko jukwaani analisoma na kuelewa kuwa hata akisifiwa hasifiwi yeye. Mwaka 2005 kiongozi mmoja wa soka la wanawake Afrika Kusini alitaka wachezaji wafundishwe kuwa mabibi wazuri, wavae nguo za kubana ili waonekane wanawake. Udhamini, alidhani, utakuja kwa njia hiyo. Mbona neno "wachezaji" halitoshi?

Kwa anayedhani kwamba ukiwaacha wawe walivyo mpira utaporomoka, kuna rekodi. Portia Modise, mwana wa Soweto, hakuwahi kuficha kwamba anapenda wanawake. Mwaka 2014 akawa mchezaji wa kwanza wa Afrika, wa kike au wa kiume, kufunga mabao 100 ya kimataifa. Si Eto'o, si Drogba. Modise. Timu yake ile ile iliyokuwa ikitafutiwa nguo za kubana ilichukua Kombe la Afrika Julai 2022 kwa kuwafunga Morocco 2-1 kwao wenyewe, na mwaka uliofuata ikaitoa Italia 3-2 na kuingia hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Nyuma zaidi yupo Lily Parr, winga wa Dick, Kerr Ladies ya Preston, aliyeishi na mwenzake wa kike enzi ambazo chama cha soka cha England kilikuwa kimewafungia wanawake viwanja, kuanzia 1921, kikisema mchezo huu hauwafai. Mwaka 2019 akajengewa sanamu katika jumba la makumbusho ya kandanda kule Manchester. Na mwaka huo huo wa 2019, Sweden walipoitoa Canada katika Kombe la Dunia, nahodha wa Denmark, Pernille Harder, ambaye nchi yake haikufuzu, alikuwa jukwaani amevaa jezi ya Sweden ya mpenzi wake, beki Magdalena Eriksson. Walibusiana pale kando ya uwanja na picha ikazunguka dunia. Kilichofuata? Sweden waliendelea hadi nafasi ya tatu. Ligi ya England haikufungwa.

Johannesburg kuna timu iitwayo The Chosen FEW, ya wanawake weusi wanaopenda wanawake, iliyoundwa kwa sababu walihitaji mahali pa kucheza bila kuangalia nyuma. Napenda habari zao, lakini huwa nikizisoma nasikia uchungu kidogo. Mchezaji mzuri hapaswi kutafuta timu ya peke yake. Anapaswa kugombea namba na wengine, aachwe benchi akicheza vibaya, apigiwe kelele akikosa penalti.

Msimu mpya wa ligi ya wanawake ukianza, klabu zitapeleka orodha za wachezaji kwa shirikisho, pamoja na majina ya kocha, daktari na meneja. Ningependa kuona mstari mmoja wa ziada katika fomu hiyo: jina la mtu ambaye mchezaji anaweza kumpigia simu bila kupitia kwa kocha, na ambaye haruhusiwi kumpigia mzazi simu bila idhini ya mchezaji mwenyewe, isipokuwa uhai wake uko hatarini. Na kifungu kimoja katika mkataba, kwamba uvumi juu ya maisha ya faragha si sababu ya kuachwa. Havigharimu shilingi. Klabu zitakazolalamika tutazijua majina.

Namba sita, kwa taarifa yenu, alimaliza mechi ile akiwa na pasi nyingi kuliko yeyote uwanjani. Nilizihesabu mwenyewe. Wale jamaa watatu waliondoka dakika ya 80 kuwahi matatu.